Nukta, Mkato na mkasi wa Mama

Najua niliahidi kwamba leo ningeleta sehemu ya pili ya yale mambo ya kanzidata, na wawili watatu wenu mmekuwa mkinikumbusha. Sehemu hiyo ipo, nusu yake nimeshaiandika, itakuja. Leo niruhusuni niongee juu ya kuku.

Ndiyo, kuku. Usikimbie kwanza! Humu ndani kuna kamera, kuna Python, na kuna kosa la kunakili na kubandika lililotokea zamani sana kabla hata kompyuta haijafikiriwa. Na kuna kosa langu mwenyewe, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Wanaonifahamu wanajua kwamba ninafanyia kazi nyumbani, hapa Mtwapa. Dirisha la chumba changu cha kazi linatazama uani, na uani kwetu kuna mpapai, mdimu na sinki la saruji la kufulia nguo. Kwa miaka mingi hapakuwa na kingine. Kisha binti yangu, wakati huo akiwa na miaka minane, akaona picha ya kuku mweusi mwenye shungi jeupe kubwa kichwani, utadhani amejitwika fungu la pamba. Akaniuliza, "Baba, huyu ni kuku kweli au wamemtengeneza kwa kompyuta?" Nikamwambia ni kuku kweli. Basi, kuanzia siku hiyo sikupumua.

Nilipata mfugaji kule Kiambu anayeuza kuku wa mapambo. Mitetea wawili, shilingi elfu tano, wakaja kwa basi la usiku ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Wiki hiyo nilikuwa nimepoteza siku nzima nikitafuta hitilafu kwenye programu ya Java, kumbe ilikuwa ni alama moja tu ya nukta mkato iliyokaa mahali pasipofaa. Kwa hiyo kuku wakapewa majina papo hapo: Nukta na Mkato. Binti yangu alichukua Mkato awe wake. Mimi nikabaki na Nukta.

Mama, ambaye anaishi nasi, alitoka nje, akawatazama wale kuku kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanaliwa upande gani?" Nikamwambia hawaliwi, ni wa kutazama. Akasema kwa elfu tano angepata kuku watano wa kienyeji, na wote wangetazamika.

Kuku hawa ni akina nani

Kuku wenye mashungi si wageni kabisa kwetu. Hata miongoni mwa kuku wa kienyeji hutokea mmoja mwenye kishungi kidogo, na Mama anasema kwao walikuwapo tangu utoto wake. Ila hawa wangu ni wa mbegu inayoitwa Polish. Jina ni la Polandi, lakini waliokaa nao na kuwatangaza sana ni Waholanzi. Mchoraji Melchior d'Hondecoeter wa Uholanzi aliwachora katika karne ya 17, na ukiitazama michoro yake leo unawatambua mara moja. Wako na jamaa zao wengine: Houdan wa Ufaransa mwenye vidole vitano, Sultan aliyepelekwa Uingereza kutoka Istanbul mwaka 1854, na Silkie wa Asia ambaye manyoya yake ni kama sufi. Marco Polo, katika karne ya 13, alisimulia habari za kuku wa Uchina wenye manyoya kama ya paka, na wengi huamini alikuwa akimzungumzia huyo Silkie.

Kwa tabia, Polish ni kuku mpole. Anataga mayai meupe, na ni nadra sana kuatamia. Ukimshika hapigi makelele mengi. Binti yangu alikuwa akimbeba Mkato kwapani kama mkoba na kwenda naye hadi dukani.

Nilidhani shungi ni manyoya tu. Kumbe hapana. Chini yake, juu ya fuvu, kuna kinundu cha mfupa, na ndicho kinachobeba lile shungi. Charles Darwin aliyachunguza mafuvu ya kuku hawa na kuyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea inayofugwa na binadamu. Kile kinundu si kigumu kama fuvu la kuku wa kawaida. Mfupa wake ni mwembamba, na aghalabu una matundu. Kwa kifaranga ni laini zaidi. Ndiyo maana wafugaji huonya kwamba kuku wa shungi asifugwe pamoja na kuku wagomvi: akidonolewa kichwani, anayeumia si ngozi pekee.

Likumbuke hilo la fuvu. Tutalirudia.

Herufi 197

Mimi nikishakuwa na kitu nataka kujua kinafanyaje kazi, na hapa ndipo raha yangu ilipokuwa. Jenomu ya kuku, yaani maandishi yote ya maumbile yake, ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2004, na ina herufi zipatazo bilioni moja. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba shungi linahusiana na jeni iitwayo HOXC8. Jeni za ukoo huu wa HOX kazi yake ni kama anwani: huiambia kila sehemu ya mwili iko wapi, hapa ni shingo, hapa ni mgongo. HOXC8 ilikutwa ikifanya kazi kwenye ngozi ya kichwa cha kuku wa shungi, mahali ambapo kwa kawaida huwa imenyamaza. Kwa maneno yetu ya programu, ngozi ya kichwani inasoma anwani isiyo yake, inajiona kama ngozi ya kiwiliwili, na inaotesha manyoya marefu.

Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti mwingine uliotaja chanzo chenyewe. Ni kipande cha herufi 197, ndani ya jeni jirani ya HOXC10, ambacho kimejirudia. Mahali pa kipande kimoja kuna viwili. Basi! Kuku akirithi nakala hiyo kutoka kwa mzazi mmoja anapata shungi dogo. Akiirithi kutoka kwa wote wawili, anapata lile kubwa.

Jamani, mimi nilicheka peke yangu usiku. Nani kati yetu hajawahi kunakili kipande cha msimbo, akakibandika mara mbili kwa bahati mbaya, na programu ikaendelea kufanya kazi ila kwa vituko? Tofauti ni kwamba kosa letu tukiliona tunalifuta. Hili la kuku binadamu waliliona, likawapendeza, na wakalilinda vizazi kwa vizazi, wakiwapandisha wenye mashungi makubwa na wenye makubwa zaidi.

Nilikwenda kumsimulia Mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini huyu kuku haoni."

Haoni

Ilikuwa kweli. Walipotimiza miezi minane hivi, mashungi yalikuwa yameshuka mpaka machoni. Macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, na kuku wa kawaida anaona karibu pande zote, takriban nyuzi 300 kati ya 360. Nukta na Mkato walikuwa wakiona ardhi mbele ya midomo yao na basi. Ukiwakaribia bila kusema neno wanaruka kwa hofu, kwa hiyo tulizoea kupiga hodi: "Hodi, Nukta. Hodi, Mkato." Siku ya chanjo ya kideri, ile ya kudondoshea tone moja jichoni, ilitubidi tulitafute jicho kwanza. Utitiri nao ulipenda sana kujificha mle kwenye shungi, na mvua ikinyesha ulikuwa ukiona kuku aliyevaa tambara bovu.

Mama aliniambia mara tatu: "Wakate hizo nywele. Mkasi ninao." Na mara tatu nilikataa. Nilikuwa na sababu, au nilidhani ninazo. Urembo wao wote uko pale, Mama. Watu wanakuja kupiga nao picha. Ukilikata shungi, nimelipa elfu tano kwa kitu gani?

Tatizo kubwa lilikuwa mwewe. Huku kwetu mwewe hawakosi angani, na kunguru ndio usiseme. Mwewe hana nguvu za kumnyanyua kuku mkubwa, lakini anashuka, anatisha, anapora chakula, na kwa kuku asiyeona ni balaa. Sasa, mtu wa programu akiona tatizo anafanya nini? Anaandika programu!

Mashine

Nilichukua Raspberry Pi iliyokuwa ikilala kwenye droo, nikaifungia kamera inayotazama juu, nikaiweka chini ya paa la banda pamoja na betri, maana stima zetu mnazijua. Toleo la kwanza lililinganisha picha moja na inayofuata, na likiona tofauti linapiga kengele. Lililia kwa kila wingu, kila kuti la mnazi lililotikiswa na upepo, na kila ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Mombasa. Siku ya kwanza nilihesabu kengele 41 za uongo. Jirani yangu alikuja kuniuliza kwa adabu kama nyumbani kuna mgonjwa.

Toleo la pili nililifundisha kwa picha. Nilikaa wiki mbili nikikusanya picha za mwewe na picha za kunguru, nikizitenga moja moja, binti yangu akinisaidia. Toleo la tatu liliweza kuwatofautisha vizuri, na nikaliunganisha na king'ora cha pikipiki nilichonunua kwa fundi. Wazo lilikuwa rahisi: mwewe akitokea, king'ora kinalia, mwewe anatishika, na kuku wanajua wakimbilie bandani.

Sitawadanganya, nilijivuna. Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala ya kuwaonyesha. Msimbo ulikuwa safi, wenye maelezo kila mahali. Ningependa hadithi iishie hapo.

Jumapili ile

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Najua kwa sababu mashine iliandika kwenye kumbukumbu zake. Mama alikuwa amekuna nazi, na binti yangu alikuwa amepewa machicha awapelekee kuku. Machicha ni kama biriani kwao. Kuku wawili wa kienyeji wa jirani nao walikuwa wameshapenya uzioni, maana wana pua za habari.

Mwewe akapita juu ya mpapai. Mashine ikamwona. Ilimwona vizuri kabisa, uhakika wa 0.94, na chini ya sekunde moja king'ora kikalia.

Kuku wa jirani walifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulitilia maanani. Kila mmoja alipindisha kichwa, akaelekeza jicho moja angani, akajua adui yuko wapi, kisha akakimbilia chini ya mdimu. Nukta alijibana chini kama jiwe. Mkato alisikia kelele kubwa na hakuona kitu. Akakimbia. Alikimbia kwa nguvu zake zote, moja kwa moja, na mbele yake kulikuwa na sinki la saruji.

Mwewe alikwenda zake. Hakuchukua chochote.

Nilimkuta Mkato ameanguka ubavu, shingo imepinda, miguu ikicheza. Nilitia vidole ndani ya shungi na nikahisi kile kinundu. Kwa kuku wa kawaida pengine angepata uvimbe na kesho yake akasahau. Tulimweka ndani ya boksi lenye kitambaa, gizani, tukamdondoshea maji mdomoni. Hakufika alfajiri.

Asubuhi binti yangu hakulia kama nilivyotarajia. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Baba, mashine yako ilimwona mwewe?"

"Ilimwona, mama."

"Na Mkato je, alimwona?"

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitano, nimekaa kwenye mikutano mingi ya kueleza kwa nini mfumo umeanguka, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Mashine yangu haikuwa na hitilafu hata moja. Ilifanya kila nililoiagiza. Ilimwambia kuku kwamba kuna hatari, lakini haikumwambia iko wapi, kwa sababu jambo hilo huelezwa na macho, na macho yake nilikuwa nimeyafunika mimi. Nilikuwa nimemjengea kuku jicho la tatu juu ya paa ili nisiyafungue mawili aliyozaliwa nayo.

Mkasi

Mama hakunisema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulipomaliza kumzika Mkato chini ya mpapai, aliingia ndani, akatoka na mkasi wake mdogo wa kushonea, akamwambia mjukuu wake, "Mlete Nukta." Kisha akanitazama mimi: "Mshike."

Ilichukua dakika tano. Mama alikata manyoya yaliyoshuka mbele na pembeni ya macho tu, ya juu akayaacha. Nukta alipowekwa chini alisimama kimya. Akatikisa kichwa. Akazunguka polepole akitazama mpapai, mdimu, sinki, mimi. Halafu akapindisha kichwa, akaelekeza jicho moja juu, akaitazama mbingu. Alibaki hivyo muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo tangu alipokua.

Binti yangu akasema, "Ameona anga." Nikaingia ndani, nikakichomoa king'ora.

Kwa wanaotaka kufuga kuku hawa, na najua baada ya makala hii mtakuwapo, haya ndiyo ninayofanya sasa:

1. Shungi linapunguzwa kila linapofika machoni. Fanya jioni kuku akiwa ametulia, mtu mmoja ashike na mwingine akate. Tumia mkasi wenye ncha butu. Manyoya machanga yanayoota bado yana damu ndani ya vikonyo vyake, hayo usiyaguse. Ukikata unamtoa damu.

2. Juu ya uwanja wao weka wavu. Wangu ni wavu chakavu wa kuvulia samaki, niliuziwa kwa bei ya soda mbili tatu. Hauhitaji betri.

3. Weka pa kujificha karibu. Nimeegemeza makuti sehemu nne, ili popote kuku alipo kivuli kisiwe mbali.

4. Chombo cha maji kiwe chembamba mdomoni, shungi lisilowe. Shungi bichi huleta baridi na uchafu.

5. Pekua shungi kila wiki kutafuta utitiri na chawa. Sisi hufanya Jumamosi, redio ikiwa imewashwa.

6. Kuku asikae peke yake, na asikae na wagomvi. Nukta alinyong'onyea baada ya Mkato kuondoka, kwa hiyo Mama alimleta kuku wake mzee wa kienyeji, mtaratibu. Tuliwatenga kwa wavu siku kumi wazoeane kwanza. Huyo mzee akisikia jambo anatazama juu, na Nukta naye anatazama juu.

Kamera bado iko pale. Sasa inanitumia ujumbe simuni mwewe anapopita, na kazi yake ni hiyo tu. Nikiupata natazama dirishani, na mara nyingi nakuta kuku wote wawili wameshafika chini ya makuti kabla simu haijatetemeka.

Watu wakija siku hizi wanasema shungi la Nukta si kubwa kama lile la kwenye picha. Ni kweli, amekuwa kama mtu aliyetoka kwa kinyozi asiyeelewana naye. Zile herufi 197 bado zinaendelea na kazi yake, na manyoya yanarudi kila baada ya miezi kadhaa. Mkasi sasa tumeutundika msumarini kando ya banda, na anayeutunza ni binti yangu. Ana daftari la tarehe za kukata. Nilijitolea kumwandikia programu ndogo ya kumkumbusha, akaniambia, "Asante Baba, daftari linatosha."

Haya, wiki ijayo ni kanzidata, naapa. Na wewe, unafuga nini uani kwako? Na ni nani nyumbani aliyekwambia jambo mara tatu ukakataa kusikia? Tuandikie.